TANDIKO NA MGONGO WA PUNDA: SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA



Katika daftari la mali la chama, tandiko la punda aghalabu huandikwa pamoja na majembe, ndoo na kamba: idadi, bei, basi. Jembe hata lishikwe na nani litalima. Tandiko si hivyo. Tandiko lililomkaa vyema punda mmoja laweza kumvimbisha mgongo mwenziwe kabla gari lililotoka Kinyasini halijafika Mahonda, ilhali punda wote wawili ni wa chama kimoja, wana kimo kimoja, na matandiko yao yametoka mkononi mwa fundi mmoja siku moja.

Somo hili linahusu namna ya kuujua mgongo wa mnyama kwanza, kisha kuchagua au kushonesha tandiko linaloulekea. Tumeshika habari ya punda, wa gari na wa shogi, kwa kuwa farasi ni wachache kisiwani Unguja, na ng'ombe wa gari ana nundu yake na nira yake, hivyo habari yake yataka somo la peke yake. Twawaomba makatibu walisome somo hili mbele ya wanachama, na ikiwezekana walisomee penye punda, si ofisini.

KIDONDA NA MKOPO

Mwanachama aliyekopeshwa na chama apate punda na gari hulipa mkopo wake kwa safari: mchanga, mawe, kuni, nazi, au mwani katika vijiji vya pwani ya mashariki. Siku gari lisipotoka, hakuna pato. Kidonda cha mgongoni, kikiachwa kipone kama inavyopasa, huchukua wiki tatu na pengine zaidi. Katibu na achukue pato la siku moja la mwanachama wake, alizidishe kwa siku 21, kisha aiweke jumla hiyo kando ya bei ya tandiko lililoshonwa kwa kipimo. Hesabu hiyo ifanywe ubaoni mbele ya wanachama wote, kwa bei za kijiji chenyewe, maana hesabu ya kuletewa kutoka mbali haimshawishi mtu.

Asiyeweza kungoja wiki hizo tatu humrudisha punda garini pamoja na kidonda chake. Kidonda huingia ndani hata kikafika mfupani, punda hawezi tena kuvaa tandiko la aina yoyote, na chama hubaki na mkopo usio na mnyama. Wala kupata punda mwingine si jambo la kulitegemea. Ngozi za punda zimetafutwa mno na wafanyabiashara wa nje kwa kutengenezea dawa ya Kichina iitwayo ejiao, hata mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Punda aliyepo ndiye wa kutunzwa.

MGONGO ULIVYO

Wengi humdhani punda kuwa ni farasi mdogo mwenye masikio marefu. Mgongo wake wakanusha. Farasi ana kigongo kilichoinuka mahali shingo inapokutana na mgongo, juu ya mabega, na kigongo hicho hulizuia tandiko lisiteleze. Kwa punda mahali hapo ni bapa, pengine pamelingana na mgongo wote, kwa hiyo tandiko lisilofungwa sawasawa husogea mbele hata likapanda juu ya mabega. Pingili za kiuno cha punda aghalabu ni 5, za farasi ni 6. Kifua chake ni chembamba. Na juu ya uti wa mgongo hana nyama nyingi: ni ngozi, kisha mfupa.

Hiyo ndiyo asili ya kidonda. Ngozi iliyolala juu ya mfupa ikibanwa kwa saa nyingi, damu haipiti ndani yake, na ngozi isiyopitiwa na damu hufa. Kwanza huonekana uvimbe tu. Baadaye manyoya hutoka, kisha ngozi yenyewe hubanduka, na mwenye punda husema kidonda kimetokea ghafla. Punda naye huchangia kukificha, kwa kuwa ni mnyama mwenye kuvumilia maumivu bila ya kuyaonyesha. Twasema ahsante ya punda ni mateke. Yafaa kila aliyewahi kupigwa teke wakati wa kukaza ukanda wa tumbo ajiulize kama teke lile halikuwa jibu.

Tena punda wa Unguja si wa mbegu moja. Katika karne ya 19 waliletwa hapa punda weupe wa Maskat, wakubwa wa kimo, wakawa wanyama wa kupandwa na watu wa Mji Mkongwe na wa majumba ya pwani. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, anawataja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Punda wa kijivu wa kienyeji ni mdogo kuliko hao. Mahali mbegu hizo mbili zilipochanganyika, mtoto aweza kurithi kimo cha mmoja na wembamba wa mwingine, na fundi aliyezoea kukata tandiko kwa kutazama kimo peke yake atakosea.

MAUMBO YA MGONGO

Simama nyuma ya punda, mbali ya kutosha miguu yake isikufikie, utazame mgongo wake kuanzia matakoni kuelekea shingoni. Kuna mgongo wa paa: umechongoka juu kama paa la makuti, na pande zake mbili zateremka kwa ukali. Ni mgongo wa punda mwembamba, aliyekonda au aliyezeeka. Kuna mgongo wa mtumbwi: ni wa mviringo kama mtumbwi uliofudikizwa pwani, na huo ndio mgongo wa punda mwenye afya anayefanya kazi na kula vizuri. Upo na mgongo wa punda aliyenenepa kupita kiasi, ambao mafuta yamejaa kando mbili, na uti umezama katikati kama mfereji. Huu huwadanganya watu. Huonekana mpana na wenye nguvu, kumbe mafuta si misuli, na mafuta hayo hayamkingi punda na tandiko baya.

Kisha mtazame kwa ubavu. Mgongo wa punda kijana hunyooka. Wa mzee, na wa punda jike aliyezaa mara nyingi, huenda ukabonyea katikati kama bonde. Mwingine huinuka kidogo kuelekea kiunoni.

Sasa tuone tandiko linavyofanya juu ya kila mmoja. Tandiko pana likiwekwa juu ya mgongo wa paa, pande zake hazigusi kitu, nalo huuangukia uti na kuuegemea. Tandiko jembamba likiwekwa juu ya mgongo wa mtumbwi hukaa juu juu kama kofia ndogo, likayumba huku na huku, na kingo zake za chini zikauma mbavu. Tandiko lililonyooka juu ya mgongo wa bonde hugusa mbele na nyuma tu, kama daraja. Uzito wote huangukia sehemu mbili hizo. Na tandiko lililopinda juu ya mgongo ulionyooka hubembea, likasugua katikati kila hatua. Vidonda vya aina nne, na hakuna hata kimoja kinachoponywa kwa kukaza mikanda zaidi.

La kukumbukwa ni kwamba mgongo haukai na umbo moja mwaka mzima. Baada ya masika majani ni mengi na punda hunenepa. Ikifika Januari na Februari, kaskazi inavuma na uwanda umekauka, hasa kule mashariki kwenye mawe ya Makunduchi na Bwejuu, punda yuleyule hukonda, na mtumbwi wa Juni huwa paa la Februari. Tandiko lililoshonwa Juni likamkaa barabara halitamkaa hivyo tena.

KUPIMA KWA WAYA

Tafuta waya laini unaokunjika kwa mkono na kubaki ulivyokunjwa. Waya mnene wa umeme wa shaba wafaa sana. Tafuta na kadibodi, kalamu na mkasi. Msimamishe punda mahali tambarare, miguu minne imelingana, kichwa kimeelekea mbele. Akigeuza kichwa, mgongo hupinda na kipimo huwa cha uongo.

Lipapase bega kwa mkono upate ukingo wa nyuma wa mfupa wake. Mtu wa pili aunyanyue mguu wa mbele na kuuvuta mbele taratibu: utausikia mfupa wa bega ukirudi nyuma chini ya vidole vyako. Hapo ulipofika ndipo mpaka. Tandiko likikaa mbele ya mpaka huo, punda hugongwa kila anapopiga hatua. Pima vidole viwili au vitatu nyuma yake, ulaze waya juu ya mgongo kutoka ubavu hadi ubavu, uubonyeze ufuate umbo bila ya kuacha nafasi. Unyanyue bila ya kuutanua, ulaze juu ya kadibodi, uchore. Fanya hivyo mara ya pili katikati ya mgongo, na mara ya tatu usawa wa ubavu wa mwisho. Andika juu ya kila kadibodi jina la punda, jina la mwenyewe, tarehe, na upande upi ni wa kushoto, maana punda wengi hawalingani pande mbili. Kisha kata kwa mkasi. Fundi akizipata kadibodi hizo tatu, hana haja ya kumwona punda ndipo aanze kushona.

Njia hii hutumiwa pia na mafundi wa matandiko ya farasi katika nchi nyingine. Huko Marekani kuna mchezo ambao farasi hukimbizwa kuzunguka mapipa matatu yaliyopangwa kwa pembetatu, na atumiaye muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Chama cha wanawake wa michezo hiyo kiliundwa Texas mwaka 1948. Farasi anapokata kona kwa kasi, tandiko huvutwa upande. Likiwa pana kuliko mgongo huteleza, likiwa jembamba huyabana mabega, naye farasi hukataa kona. Kwa hiyo matandiko ya mchezo huo huchaguliwa kwa upana wa kiunzi chake cha ndani, na mnunuzi makini huupima mgongo wa farasi wake kabla ya kutoa fedha. Punda wetu hashindanii mapipa. Lakini anapoligeuza gari la mawe penye njia nyembamba hupata mvuto uleule wa upande, tena amefungwa katikati ya mikono miwili ya gari, hana pa kukwepea.

TANDIKO LENYEWE

Tandiko jema ni mito miwili, mmoja kila upande wa uti, iliyounganishwa kwa juu. Kati ya mito hiyo iachwe nafasi ya vidole vitatu au vinne, ili uti usiguswe na kitu. Jaribio lake ni rahisi: mtu achungulie kutoka nyuma tandiko likiwa limefungwa na gari limetiwa mzigo, auone mwanga hadi mbele. Asipouona, tandiko hilo halifai, hata kama limeshonwa kwa ngozi ya bei kubwa. Kila mto uwe na upana usiopungua kiganja cha mkono, ili uzito utandazwe, na tandiko lisivuke ubavu wa mwisho kwenda nyuma, kwani kiunoni hakuna mbavu za kulichukua.

Kuhusu cha kujazia, vitu vyetu vya shambani vyatosha, ila kila kimoja kina tabia yake. Sufi ni laini na rahisi kupatikana penye misufi, lakini ikinywa jasho hushikamana ikawa mabonge magumu. Mwenye kuitumia hana budi kuufungua mto kila baada ya miezi michache, aichambue na kuianika. Usumba hudumu na hupitisha hewa, lakini ncha zake hupenya kitambaa chepesi zikamchoma punda; utiwe ndani ya turubai nene, na upande wa ngozini uongezwe tabaka la pamba. Matambara yaliyoshindiliwa hovyo ni mabaya kuliko yote, kwa kuwa kila fundo ni jiwe dogo. Blanketi kuukuu lililokunjwa sawasawa, lisilo na mshono wala kifundo, lashinda mito mingi ya madukani. Viroba vya plastiki na mpira wa tairi visigusane na ngozi kabisa: havinywi jasho, hupata moto, na husugua.

Wapo wasemao kwamba tandiko likimwumiza punda dawa yake ni kuongeza mto juu ya mto. Hiyo ni kweli kwa tandiko pana tu, tena kwa kiasi. Tandiko linalobana likiongezwa mto huzidi kubana, sawa na kiatu kidogo kilichotiwa soksi nene.

Kwa punda wa shogi, tandiko liwekwe chini ya shogi daima, maana ukili una kingo, na mchanga hauachi kupenya. Pande mbili za shogi zilingane uzito. Punda mdogo wa kilo 120 asibebeshwe zaidi ya kilo 40 hivi mgongoni. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Twaliacha jambo hilo mbele ya wanachama walitafakari wenyewe. Kule Lamu, ambako punda hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na magari, zahanati ya punda ilifunguliwa mwaka 1987.

MIKANDA NA GARI

Tandiko la punda wa gari kazi yake ni kuishika mikono ya gari isianguke; si la kuvutia. Kuvuta ni kazi ya ukanda wa kifua, uliopita juu ya kifundo cha bega na chini ya koo. Gari lisilo na ukanda huo humlazimisha punda avute kwa tandiko na ukanda wa tumbo, na hapo hata tandiko lililopimwa kwa waya litamchubua. Nira ya ng'ombe isiwekwe shingoni mwa punda, kwani hana nundu ya kuizuia. Nyuma ya mapaja pawe na ukanda wa kulizuia gari lisimgonge penye mteremko.

Mzigo upangwe juu ya ekseli. Gari likiwa limejazwa, mtu mmoja aweze kuinyanyua mikono yake kwa mkono mmoja bila ya kukunja uso. Ikiwa nzito, uzito huo wote utakuwa juu ya mgongo wa punda. Ikiruka juu yenyewe, ukanda wa tumbo utamkata.

BAADA YA KAZI

Jioni, tandiko likivuliwa, mgongo hueleza habari zake zote kwa anayejali kuutazama. Jasho lienee sawasawa chini ya mito yote miwili. Doa kavu katikati ya jasho ni mahali palipobanwa, na hapo ndipo kidonda kitakapotoka. Manyoya yaliyovurugika yaonyesha tandiko lilikuwa likisogea. Nywele nyeupe zilizoota kwa madoa juu ya punda wa kijivu ni makovu ya matandiko ya zamani. Anunuaye punda azitafute kabla ya kutaja bei. Kwa punda mweupe wa Maskat alama hiyo haionekani, hivyo pitisha vidole viwili kando ya uti, kwa uzito wa wastani, kutoka mabegani hadi kiunoni. Akibonyea, akilaza masikio au akipiga mkia mahali pamoja kila mara, mahali hapo pana maumivu.

Palipovimba pasivishwe tandiko mpaka uvimbe uishe. Palipochubuka paoshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na bwana au bibi mifugo aitwe mapema. Oili chafu ya gari si dawa. Huunguza nyama iliyo hai. Isisahauliwe kwamba ugonjwa tunaouita pepopunda haukupewa jina hilo bure: punda na farasi hushikwa nao kwa wepesi kupitia vidonda, na aghalabu huwaua. Chanjo yake ipo, na chama chaweza kuuliza kuhusu chanjo hiyo kwa pamoja badala ya kila mwanachama kwenda peke yake.

KAZI YA KATIBU

Kadibodi zitunzwe ofisini, zimefungwa kwa uzi, kila punda na fungu lake. Kila tandiko la chama litiwe namba kwa rangi, na namba hiyo iandikwe katika daftari la mali mbele ya jina la punda mmoja, si la mwanachama. Mwanachama mwenye punda wawili ana matandiko mawili. Kadibodi zirudishwe juu ya migongo mara mbili kwa mwaka, Juni na Februari, na mto uongezwe au upunguzwe kujazwa kulingana na zinavyoonyesha. Kwa sababu hiyo twapendelea mito yenye mdomo wa kufungua kwa kamba kuliko iliyoshonwa moja kwa moja.

Halmashauri itakapoletewa bei nafuu ya matandiko dazeni moja ya kipimo kimoja, ikatae, isipokuwa muuzaji akubali kuyarekebisha kwa kadibodi. Twajua neno hili halitapendeza katika kila mkutano, kwani punguzo la bei huonekana leo, na kidonda huonekana mwezi ujao.

MASWALI YA KUJADILIANA

Je, chama chenu kina punda wangapi na matandiko mangapi, na ni matandiko mangapi yanayotumiwa na punda zaidi ya mmoja?

Mwanachama amechukua mkopo wa punda, na punda amepata kidonda kwa tandiko lililonunuliwa na chama. Je, malipo ya mkopo yaahirishwe kwa siku za kupona, na hasara ya siku hizo ibebwe na nani? Andikeni uamuzi wenu katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano, na mtuletee nakala.

Mchagueni punda mmoja aliyepo karibu na mahali pa mkutano. Mpimeni kwa waya sehemu tatu, kisha wekeni kadibodi chini ya tandiko analovaa hivi sasa. Mmeona nini?